Mradi wa Kuwaokoa Watu wa Ngazi B

"Dakika nne, Tarmo! Dakika nne nzima nimesimama hapa na ndoo kama muuza maziwa!"

"Bi Aune, hizo ni dakika za mpito. Mtu hatoki kwenye joto la nyuzi tisini akavaa suruali papo hapo. Inagoma kupanda."

"Inagomea kitambi. Soma pale ukutani. Zamu yako saa kumi na mbili mpaka saa moja. Hakuna aliyeandika saa moja na mpito."

"Kanuni haisemi mtu awe ametoka. Inasema awe amemaliza kuoga."

"Na mimi nasema pisha."

Bi Aune Pirhonen alikuwa na miaka themanini na moja na alimfikia Tarmo kwapani. Alimpiga kumbo hapohapo kwapani, akapita na ndoo yake, taulo yake na kitambaa chake cha kukalia, akaufunga mlango wa sauna kwa kisigino.

Tarmo Lievonen alibaki kwenye korido ya chini ya jengo, taulo kiunoni, mvuke ukimtoka mabegani kama sufuria lililoepuliwa sasa hivi. Alikuwa mtu mzima wa miaka hamsini na saba, mjane, Mkaguzi Mwandamizi wa Jamii Lengwa katika Wakala wa Kuinua Hali za Watu. Ugomvi huo ulikuwa wa kila Ijumaa, na ulikuwa na miaka kumi na moja. Wakazi wote wa Ngazi B, yaani wale wanaopandia mlango wa katikati, walijua kuwa ukisikia Bi Aune anataja dakika, ni saa moja usiku, unaweza kurekebisha saa yako.

Kwenye kona, juu ya kreti la chupa tupu, alikaa Dkt. Nyamizi Lubinza wa ghorofa ya tano, amevaa kofia ya sufu mpaka kwenye nyusi, anaandika. Alikuwa ametoka Tabora kuja Tampere, Ufini, kwa utafiti wa miaka miwili juu ya jinsi watu wanavyoutunza mwili. Ngazi B walikuwa wamemzoea. Mwanzoni walimkwepa kwenye lifti, lakini ndivyo wanavyofanya hata wao kwa wao.

"Unaandika nini tena, daktari?" aliuliza Tarmo.

"Mambo ya kawaida tu, Bwana Lievonen. Mngeendelea kidogo, sikupata vizuri hapo kwenye suruali."

Wiki hiyo kazini kwa Tarmo hali ilikuwa mbaya, na ubaya wenyewe ni kwamba hali za watu zilikuwa nzuri. Jamii lengwa zilikuwa zinaisha. Moja iliandika barua fupi: asanteni, tunajiweza. Nyingine ilifuta mradi wa visima kwa kuwa visima vilikuwapo kabla ya mradi. Ya tatu, na hii ndiyo iliyouma, ilijitolea kutuma wataalamu wake waje kuusaidia Wakala kupunguza vikao.

Mkurugenzi Mkuu, Marjukka Stenvall, aliitisha kikao cha dharura. Vikao vizito vya Wakala hufanyika kwenye sauna ya ghorofa ya nane, ambako viongozi hukaa uchi kwa kufuata vyeo, benchi la juu wakubwa, la chini wakaguzi, mlangoni mwandika kumbukumbu na kalamu ya risasi, kwa sababu ile ya wino huyeyuka.

"Nitafutieni watu wenye hali mbaya kabla ya Krismasi," alisema Stenvall, akayamwagia mawe maji. "La sivyo wenye hali mbaya tutakuwa sisi."

Tarmo alishuka na uso mwekundu mpaka ofisini kwake, na hapo mezani akakuta ripoti, moja ya zile zinazoletwa na watafiti. Iliitwa Namba 0417. Haikuwa na jina jingine, kwa sababu ilikuwa imepitia kwa Afisa wa Faragha. Afisa huyo ni mtu makini mno. Hufunika kwa wino mweusi kila kinachoweza kumtambulisha mtu: jina lake, mtaa wake, mji wake, nchi yake. Katika ripoti hii alikuwa amefunika jina la mwandishi, jina la mti fulani na neno "sauna" kila lilipotokea, kwa maoni kwamba watu wanaweza kutambuliwa nalo. Namba za ramani mwishoni aliziacha. Namba si jina.

Tarmo alivaa miwani akasoma.

"Wenyeji huamka na kujitazama kwenye kioo kwa huzuni. Kisha huingiza mdomoni kijiti chenye manyoya magumu, hukisugua mpaka povu litoke, hutema, husugua tena. Wakishakula, hutafuna kidonge kitamu, si kwa kukifurahia bali kwa kumwogopa mganga wa meno, ambaye huwaita kila mwaka akawachokonoa kwa chuma huku akiwasema.

"Makwapani hupaka dawa ya kuondoa harufu ya mtu, halafu shingoni hupaka dawa ya kuweka harufu ya ua. Nilipouliza kama kazi hiyo isingefanywa na chupa moja, walinitazama kwa muda mrefu.

"Chooni, kando ya kiti, huning'iniza bomba dogo la maji. Hulitumia kila siku na hawalitaji kamwe. Nililisifu mbele ya mwenye nyumba, maana hata kwetu choo bila maji si choo. Akaanza kunieleza habari za theluji."

Tarmo aligeuza ukurasa kwa uangalifu, kama anayegeuza mgonjwa.

"Mara moja kwa wiki kila kaya hushuka chini ya ardhi na kujifungia uchi ndani ya", hapo palikuwa na weusi, "penye joto la kuokea mkate. Huyamwagia mawe maji mpaka mawe yapige kelele. Hujichapa kwa matawi. Hakuna anayewaadhibu, hujiadhibu wenyewe, na kwa zamu. Baadhi hutoka nje wakajiviringisha kwenye theluji, nami nilidhani sasa wametoroka. Wakarudi ndani.

"Benchi la juu hukaliwa na mzee mmoja mwenye kitambi, anayejiona kiongozi. Sikumpata aliyemchagua. Akitoka hugombana na bibi mmoja mdogo kuhusu dakika. Nimehudhuria ugomvi huo mara thelathini na mbili, na nadhani ndiyo mazungumzo marefu kuliko yote anayoyapata kwa wiki."

Tarmo alivua miwani akaipangusa kwa tai.

"Maskini ya Mungu," alisema. "Mzee wa watu."

Akapiga muhuri: HALI MBAYA, DARAJA LA KWANZA. Akaipeleka juu mwenyewe, kwa miguu, ghorofa zote nane.

Jumatatu iliyofuata tangazo lilibandikwa kwenye kila mlango wa Wakala:

"Wakala wa Kuinua Hali za Watu unayo heshima kubwa na furaha isiyo kifani kuutangazia umma uzinduzi wa Mradi Shirikishi wa Kuikomboa Jamii Lengwa Namba 0417 kutoka katika Mila Kandamizi za Mwili, Awamu ya Kwanza. Mradi utawajengea wahusika uwezo wa kuoga. Wadau wote wanaombwa kutabasamu."

Maandalizi hayakuwa ya mchezo. Msafara wa watu sita ulichanjwa chanjo tatu, mbili za mkono na moja ya mahali ambapo kwa siku nzima ilibidi kusimama. Kila mmoja alipewa chandarua, vidonge vya kusafishia maji na kofia pana ya kujikinga na jua. Nje ilikuwa nyuzi kumi na sita chini ya sifuri. Kulikuwa na semina elekezi ya siku mbili kuhusu namna ya kumsalimia mlengwa bila kumwonyesha meno mengi. Na kwa heshima ya jamii husika, ilikatazwa kabisa afisa kuzungumza na mlengwa moja kwa moja. Angepatikana mkalimani: mwandishi wa ripoti mwenyewe, ambaye angewasubiri hukohuko.

Magari mawili yaliondoka saa tatu asubuhi. Dereva wa mbele alifuata namba za ramani. Baada ya dakika nne walipita kituo cha mafuta. Baada ya dakika saba wakakata kona kwenye duka la mikate, na Tarmo akahisi anamjua yule mama anayepanga maandazi dirishani. Alimjua kweli. Alinunua kwake kila Jumamosi.

"Vipi, Lievonen?" Stenvall aliuliza kutoka kiti cha mbele, kofia ya jua ikigusa paa la gari. "Umebadilika rangi."

"Natazama mandhari, mheshimiwa."

"Na mimi nilikuwa naangalia. Wamejitahidi. Wana taa za barabarani."

"Wanazo, mheshimiwa. Ya tatu pale imeungua."

"Umejuaje?"

"Inaonekana ni ya kuungua."

Dakika ya kumi na moja gari lilisimama mbele ya Ngazi B. Tarmo alitazama jina lake kwenye kibao cha kengele: LIEVONEN, ghorofa ya pili. Akafikiria kusema. Lakini karatasi zilikuwa zimeshatiwa saini, na katika miaka thelathini ya utumishi hakuwahi kuona saini ikifutwa na mlango. Akashusha kofia.

Mlangoni alisimama Dkt. Nyamizi, amevaa ndala na soksi.

"Karibuni," alisema. "Mimi ndiye mkalimani." Akamtazama Tarmo, akatazama chandarua alichokumbatia. "Bwana Lievonen, umerudi mapema leo."

"Hatujuani," alinong'ona Tarmo. "Kwa leo."

Walishuka chini. Stenvall alisimama mbele ya mlango wa mbao, akaufungua, akachungulia mabenchi, jiko, mawe, ndoo, kata ya kuchotea.

"Lievonen, njoo huku. Hiki kinafanana na sauna."

"Kinafanana, mheshimiwa."

"Ripoti inakiitaje?"

"Hapo pana weusi, mheshimiwa."

"Kwa hiyo haisemi sauna."

"Haisemi."

Stenvall alifikiri. Alikuwa mtu wa kufikiri, cheo hakikumwangukia bure. "Basi si sauna. Kama ingekuwa sauna, ingeandikwa. Fungeni."

Wakaubandika mlango utepe wa njano na karatasi yenye muhuri: MAHALI PA MILA HATARISHI. PAMEFUNGWA HADI TATHMINI YA AWALI IKAMILIKE, MIEZI 18.

Hapo ndipo aliposhuka Bi Aune na kapu lake la nguo, akakuta watu sita wenye kofia za ufukweni wamejaa kwenye korido.

Stenvall alimgeukia mkalimani. "Mwambie tunamsalimia kwa unyenyekevu na tunatambua hekima yake."

"Wanakusalimia," Nyamizi alimwambia Bi Aune, kwa Kifini kilekile.

"Nimesikia, mimi si kiziwi. Hawa nani?"

"Anasema nini?" aliuliza Stenvall.

"Anauliza ninyi ni nani."

"Mwambie sisi ni marafiki."

"Wanasema ni marafiki."

"Marafiki wa nani? Mimi marafiki zangu wote wamekufa. Muulize huyo mwenye kofia kubwa kwa nini amefunga sauna."

"Anasema nini?"

"Anauliza kwa nini mmefunga sauna."

Stenvall aliweka mkono kifuani, kama walivyofundishwa siku ya pili ya semina. "Mwambie asiogope. Hatalazimika kuingia humo tena."

Nyamizi alivuta pumzi. "Bi Aune, anasema hutaingia tena."

Sitaandika alichojibu Bi Aune. Nyamizi alikitafsiri kwa neno moja, "Amepokea," na mwandika kumbukumbu akaandika kwamba mlengwa amepokea.

Ikafuata ugawaji. Kila mkazi alipewa beseni la plastiki, kipande cha sabuni na picha ya mtu anayenawa mikono, mishale ikionyesha maji yanakotoka. Fundi bomba wa ghorofa ya tatu aliitazama picha hiyo pande zote mbili, akauliza kama kuna ya hatua inayofuata. Orodha ilipofika namba saba, jina lilikuwa Lievonen, Tarmo, na mkaguzi wa ugawaji alikuwa Lievonen, Tarmo. Utaratibu haukuwa na shida na hilo. Alijikabidhi beseni, akasaini kutoa, akasaini kupokea, akapigwa picha akijipa mkono.

Desemba ikasonga. Ijumaa ya kwanza bila sauna, saa moja usiku ilipita bila mtu kutaja dakika, na watu wawili wa Ngazi B walichelewa mambo yao. Ijumaa ya pili wakazi walianza kusalimiana kwenye lifti, jambo lililowatia hofu. Mtu akisalimia Tampere bila sababu, ujue kuna kitu kimekufa. Tarmo walimpa kisogo. Alijaribu kuoga kwenye bafu la nyumbani kwa maji moto sana, akatoka ameungua lakini hajaoga, kwa maana wanayoijua wenyewe.

Siku tisa kabla ya Krismasi, mchana, Bi Aune aligonga mlango wake. Tarmo alijiandaa kwa matusi. Bibi hakuleta matusi. Alikaa kwenye kiti cha jikoni, miguu haifiki chini.

"Mimi nilizaliwa ndani ya sauna, Tarmo," alisema. "Mama alishuka kule mwenyewe, akaweka maji, akanizaa. Hapakuwa na mahali pengine safi kama pale nyumba nzima."

"Najua, Bi Aune. Umewahi kusema."

"Sijawahi kuruka sauna ya Krismasi. Mwaka niliovunjika mguu, marehemu mume wangu alinishusha mgongoni. Mwaka aliokufa yeye, niliingia peke yangu, nikayamwagia mawe maji mara mbili, yangu na yake. Sasa nataka uniambie wewe unayejua makaratasi. Mwaka huu naingia au siingii?"

"Kuna nafasi ya kukata rufaa," alisema Tarmo. "Inachukua miezi kumi na minane."

"Nina miaka themanini na moja."

"Ndiyo."

"Basi nihesabie wewe, mimi hesabu sikusoma."

Akashuka kwenye kiti akaenda zake. Hakubamiza mlango, na hilo ndilo lililomwinua Tarmo. Alitoa kabatini Mwongozo wa Miradi, kurasa mia sita, akaupekua kwa macho kama anayetafuta funguo kwenye mchanga. Kifungu cha arobaini na nne akakipata. Akavaa viatu, akapanda ghorofa ya tano.

"Daktari," alisema mlangoni, "mradi wetu una kasoro. Hauna kundi la ulinganisho."

"Ni nini hilo?"

"Kifungu kinasema huwezi kujua jamii imeharibikiwa kiasi gani bila kuilinganisha na watu wa kawaida. Sasa mimi watu wa kawaida ninaowajua ni wa kazini kwetu. Ungekuja ghorofa ya nane, ukakaa nao, ukaandika kama ulivyoandika hapa. Kisha upeleke kwa Afisa wa Faragha kama wengine wote."

Nyamizi alimtazama, kisha akatabasamu polepole. "Niingie na daftari?"

"Ingia na daftari. Taulo tutakupa." Tarmo alikohoa. "Na lingine. Yule mzee wa kitambi kwenye ripoti, anayekaa benchi la juu. Ni mimi?"

"Faragha hainiruhusu kujibu, Bwana Lievonen."

"Sawa. Sawa kabisa. Utaratibu ni utaratibu." Alishika kitasa. "Mara thelathini na mbili? Ulihesabu?"

"Mlikuwa mnanichekesha."

Dkt. Nyamizi alikaa ghorofa ya nane siku tatu. Viongozi walimkaribisha kwa moyo mweupe. Mtu wa ulinganisho hana cha kuogopa. Tarehe ishirini na mbili ripoti ilikuwa mezani kwa Stenvall, Namba 0418, nyeusi tii kwa uangalifu wa Afisa wa Faragha. Kwa kasi hiyo ya kazi hakuna aliyekumbuka ililetwa kwa ajili ya nini. Stenvall aliwasomea wakuu wa idara kwa sauti, amesimama.

"Kabila hili ni dogo na limejitenga juu kabisa ya jengo. Wazee wake tisa hujifungia uchi katika chumba chenye joto na kukaa kwa kufuata ukubwa. Anayekaa juu kuliko wote ndiye anayemwaga maji, na wengine hawathubutu kutoka kabla yake, hata wakizidiwa. Nilimwona mmoja akikubali hoja ili tu mlango ufunguliwe.

"Humo ndani huamua maisha ya watu ambao hawajawahi kuwaona. Wakitoka hujikausha, hujipulizia harufu ya msitu ingawa msitu upo dirishani, na husahau walichoamua mpaka kiandikwe. Kila mmoja ana mswaki kwenye droo ya meza na humficha mwenzake. Mkuu wao ana kioo kidogo ndani ya faili. Hukitazama kabla ya kusema 'wananchi'."

Stenvall alifunga faili lake haraka, akaliweka chini ya kiti.

"Jamani," alisema, na sauti ilimtetemeka kweli, "nimefanya kazi hii miaka ishirini na sita. Sijawahi kusoma habari ya watu walioharibikiwa hivi. Wale wa 0417 angalau walikuwa wanagombana. Hawa hata kugombana hawagombani!"

"Inatisha," alisema mkuu wa idara ya fedha.

"Wanafikika?"

"Namba za ramani zipo, mheshimiwa," alisema Tarmo.

"Kanuni inasemaje kuhusu jamii mbili kwa mpigo?"

"Hairuhusu. Wakala huhamia kwenye hali mbaya zaidi. Ya kwanza hufungwa na vizuizi vyake kuondolewa papo hapo."

"Basi hamieni! Watu kama hawa hawawezi kusubiri mpaka baada ya sikukuu."

Saini ikakauka kabla ya chakula cha mchana. Chanjo zilikuwa bado hai, kofia zilikuwapo. Tarehe ishirini na tatu magari mawili yaliondoka kwenye maegesho ya Wakala, dereva akafuata namba, akazunguka jengo, akarudi kwenye maegesho yaleyale. Msafara ulishuka. Wengine walitazamana, lakini hakuna aliyekuwa na cheo cha kutazama kwa muda mrefu. Wakapanda lifti mpaka ghorofa ya nane, Stenvall mbele.

Mbele ya mlango wa sauna alisimama.

"Lievonen."

"Mheshimiwa."

"Hiki kinafanana na chetu."

"Kinafanana, mheshimiwa."

"Taulo zimeandikwa jina langu."

"Ripoti haisemi ni lako, mheshimiwa. Hapo pana weusi."

Stenvall alitazama mlango, akatazama karatasi, akatazama saini yake, ambayo ilikuwa nzuri, imepinda vizuri kwenye S. Mtu anaweza kuukana mlango. Saini yake mwenyewe hawezi.

"Fungeni," alisema kwa sauti ndogo.

Utepe wa njano ukabandikwa. Wazee tisa wa kabila wakapewa mabeseni. Stenvall alipewa la bluu, na sabuni, na picha yenye mishale, na akaambiwa kupitia kwa mkalimani kwamba asiogope.

Ngazi B walifunguliwa jioni hiyohiyo. Mkesha wa Krismasi Bi Aune aliwasha jiko tangu asubuhi. Zamu zilipangwa upya kwa siku hiyo na kila mtu alipita: fundi bomba, mama wa maandazi aliyekuja kama mgeni, Nyamizi ambaye mara hii hakuchukua daftari, na Tarmo, aliyekaa benchi la chini bila kuambiwa. Saa tisa alasiri, giza likiwa limeshaanza kuingia kama kawaida ya Desemba, Bi Aune aliingia peke yake. Waliokuwa kwenye korido walisikia mawe yakipiga kelele mara mbili, na wakashusha sauti.

Baadaye walijaa nyumbani kwake, ghorofa ya kwanza, nywele mbichi, mashavu mekundu, meza imebeba samaki wa moshi, karoti za kuoka, kachumbari ya kiazi chekundu na sufuria la uji wa mchele lenye lozi moja tu ya bahati, ambayo fundi bomba alikuwa ameshaanza kuisaka kwa kijiko kirefu. Kengele ikalia. Tarmo ndiye aliyekuwa karibu na mlango.

Alikuwa Marjukka Stenvall, amevaa koti zuri, theluji mabegani, taulo imekunjwa chini ya kwapa. Nyumbani kwake hakukuwa na sauna. Tangu apate cheo alikuwa akitumia ile ya ghorofa ya nane.

"Lievonen," alisema. "Nimekuja kufanya ufuatiliaji."

"Na taulo, mheshimiwa?"

Stenvall aliitazama taulo kana kwamba imemfuata yenyewe. Kisha mabega yakamshuka. "Miezi kumi na minane, Tarmo. Nimesoma kanuni yote tangu jana. Hakuna anayeweza kuifungua, hata mimi. Nimeiandika mwenyewe."

Bi Aune alijipenyeza chini ya mkono wa Tarmo, mwiko mkononi, akamkagua mgeni kuanzia viatuni mpaka kwenye nywele kavu.

"Ndiye yule mwenye kofia?"

"Ndiye," alisema Tarmo.

"Jiko bado lina moto, utaingia ukishakula. Tumbo tupu na joto ni kuanguka, na mimi sina mgongo wa kubeba wakurugenzi. Haya, mbona umesimama? Baridi inaingia."

"Ni kwamba," Stenvall alianza, "kanuni ya kumi na mbili hairuhusu afisa wa Wakala kula chakula cha jamii lengwa."

"Jamii lengwa si ni wewe, mwanangu?" alisema Bi Aune. "Vua viatu, ingia ule."